Ukomo wa deni Marekani: acheni kuusifia, wanaumizwa wasiohusika

Wakuu, nimevumilia sana ila leo lazima niseme. Kila wakikaribia ukomo wa deni kule Marekani, yaani kiwango cha juu ambacho sheria inairuhusu serikali kuwa na deni, humu ndani wanajitokeza watu wa kushangilia: "Safi sana, wabunge wanaibana serikali isitapanye." Jamani, pale habanwi mtu! Matumizi yameshapitishwa na Bunge hilohilo. Mishahara ya wanajeshi, pensheni za wazee, riba za hati fungani, vyote vimepigiwa kura na kusainiwa zamani. Kinachogombaniwa ni kama Wizara ya Fedha iruhusiwe kukopa ili ilipe kilichokwisha kuamuliwa. Nguo umeshaivaa, fundi anadai chake, halafu unamwambia unabana matumizi. Hiyo ni dhuluma.

Na kinachonikera zaidi ni nani anayetishiwa. Chukua 2023. Ukomo wa dola trilioni 31.4 ulifikiwa Januari 19. Kuanzia siku hiyo Wizara ikawa inaishi kwa mbinu za kihasibu, mojawapo ikiwa kuacha kuwekeza fedha za mfuko wa akiba ya uzeeni wa watumishi wa serikali yenyewe. Ndiyo, najua sheria inataka mfuko ufidiwe baadaye pamoja na riba yake. Lakini kwa nini akiba ya mtumishi iguswe kwa ugomvi usiomhusu?

Mwishoni mwa Mei fedha taslimu za hazina zilishuka chini ya dola bilioni 40. Mei 26 Waziri wa Fedha, Janet Yellen, akamwandikia Spika wa Baraza la Wawakilishi, Kevin McCarthy wa chama cha Republican, kwamba siku mbili za kwanza za Juni peke yake kuna malipo ya zaidi ya dola bilioni 130, yakiwemo ya askari wastaafu, wazee wanaotegemea pensheni na wagonjwa wanaotibiwa kwa Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, na kwamba Bunge lisipochukua hatua, kufikia Juni 5 hazina haitaweza kulipa kila inachodaiwa. Sasa jiweke kwenye nafasi ya bibi wa miaka 78 anayesubiri hela ya kodi ya nyumba na dawa, anasikia hivyo kwenye taarifa ya habari. Amekosa nini yule?

Rais Biden alisaini sheria ya kuuondoa ukomo kwa muda Juni 3. Siku mbili kabla!

Haya, tutazame walichokuwa wanavutania. Watu wazima wasio na watoto wanaopokea msaada wa chakula walikuwa na sharti la kufanya kazi lililoishia umri wa miaka 49. Likasogezwa kwa awamu hadi 54. Kwa hiyo ili nchi tajiri kuliko zote ilipe madeni yake, ilibidi mtu wa miaka 53 awekewe masharti mapya ya kula. Na humohumo ndani ya sheria wakapenyeza bomba la gesi la Mountain Valley, linalotoka West Virginia kwenda Virginia, wakaamuru lipewe vibali vyake. Bomba la gesi na ukomo wa deni wapi na wapi? Mwenye jibu aniambie hapa hapa.

Msinijie na habari za vyama. Mwaka 2006, Bush wa Republican akiwa Ikulu, Seneta Barack Obama wa Democratic alipiga kura ya kupinga ukomo kupandishwa. Mwaka 2011 yeye ndiye rais, Republican nao wakamkaba mpaka saa za mwisho. Halafu Julai 2025, Republican wakiwa na Ikulu na mabaraza yote mawili, waliongeza ukomo kwa dola trilioni 5 kwa mkupuo mmoja. Uchungu wa deni waliokuwa nao 2023 ulikwenda wapi? Ukiwa upinzani deni ni janga la taifa, ukiingia Ikulu linageuka jambo la kawaida.

Na msiseme hakuna hasara kwa kuwa mwisho wa siku huwa wanaelewana. Mwaka 2011 sheria ilisainiwa Agosti 2, na Agosti 5 Standard & Poor's, shirika linalopima uwezo wa nchi kulipa madeni, wakaishusha Marekani kutoka daraja la juu kabisa la AAA hadi AA+, mara ya kwanza katika historia yake. Wakaguzi wa Bunge lenyewe walikadiria kwamba vuta nikuvute ile iliongeza gharama za kukopa kwa dola bilioni 1.3 katika mwaka huo mmoja wa fedha. Agosti 2023 Fitch, shirika jingine la aina hiyo, nao wakaishusha, na miongoni mwa sababu walizotaja ni hiyohiyo tabia ya kugombania ukomo na kumaliza dakika za mwisho. Yaani wanaojiita wabana matumizi ndio wanaopandisha riba, na anayelipa ni mlipakodi.

Dawa ipo na wanaijua. Mwaka 1979 Baraza la Wawakilishi lilijiwekea kanuni ya Gephardt: mkipitisha bajeti, na ukomo wa deni unahesabika umepita upande wa Baraza. Mkiamua kutumia, mmeamua na kukopa. Wamekuwa wakiiondoa na kuirudisha miaka yote, na Januari 2023, mwezi uleule ukomo ulipofikiwa, waliokuwa wameshika Baraza wakaifuta tena. Waliifuta wakijua wanachokwenda kufanya Mei.

Kwa hiyo wewe unayesifia, nitajie dola moja ya matumizi yaliyokwisha kupitishwa ambayo ukomo umewahi kuizuia isidaiwe. Moja tu.