Tindo la kutobolea shoka: chuma cha zana au aloi ya nikeli?

Mhunzi wa Mwanza
Habari zenu mafundi. Nafua majembe na mashoka, na tabu yangu ni tindo la kutobolea jicho la shoka, yaani tundu la mpini. Natumia springi ya gari. Nikishatoboa mashoka manne au matano ncha inavimba kama uyoga, inabidi niisage upya. Juzi nimepata kwa muuza vyuma chakavu kipande chenye alama 718, na sumaku haikishiki kabisa. Mwenzangu anasema ni aloi (mchanganyiko wa metali) ya nikeli, chuma cha injini za ndege, kitadumu. Nikakitia moto mpaka kikaiva rangi ya machungwa, nikakichovya kwenye oili, lakini tupa inakila vizuri tu. Nimekosea wapi?

Mkerezaji mzee
Mdogo wangu, hapo umekilainisha. Chuma cha zana kinakuwa kigumu ukikipoza haraka kwa sababu ya kaboni. 718 haina kaboni ya kutosha, nusu yake na zaidi ni nikeli. Inapata nguvu ikikaa tanurini saa nyingi, kama 720°C saa nane, kisha 620°C saa nane nyingine, vijichembe vidogo vikazaliwa ndani yake. Moto wako umeviyeyusha, na oili haikuvipa nafasi ya kuzaliwa tena.

Hata ukiirudisha, itafika 40 na kitu kwa Rockwell C, kipimo cha ugumu wa chuma. H13, chuma cha zana cha kazi za moto, nakipata 48 hadi 50 bila shida. Sifa ya 718 ni kushikilia nguvu zake mpaka karibu 650°C, na hapo H13 nayo inaanza kulegea. Lakini shoka lako liko 1,100°C, mdogo wangu. Ncha ikizama humo inapita kiwango cha vyote viwili, kwa hiyo kinachookoa tindo ni wewe kulitoa mapema.

Na hapo ndipo nikeli inapokushinda. 718 inapitisha joto chini ya nusu ya H13, joto linaganda nchani. Mimi niliijua kwenye kerezo, mashine ya kuzungusha chuma na kukichonga: kazi ya kwanza ya 718 niliikereza kwa mwendo wa chuma cha kawaida, na ncha ya kukatia ya kabaidi, ambayo ni ngumu sana, ikaungua kabla sijamaliza urefu wa kidole. Sasa nakwenda mita 30 kwa dakika, na sisiti katikati, maana ukisita inajikaza pale pale.

Tafuta H13. Ipashe mpaka 1,020°C hivi, ipoe hewani, usiitie maji maana itapasuka. Halafu ipashe tena 560°C mara mbili.

Fundi wa tanuri
Nakubaliana na mzee. Kingine, kama unachoma makaa ya mawe, salfa yake inaila nikeli ikiwa na moto, inapasuka kwenye mipaka kati ya punje za metali yenyewe. Mkaa wa miti una nafuu.

Mhunzi wa Mwanza
Shikamoo mzee, asante. Nachoma mkaa wa miti. Je, kama H13 sijaipata, hii springi nifanyeje?

Mkerezaji mzee
Marahaba. Piga mara tatu, toa, chovya majini, tia unga wa makaa ya mawe ndani ya tundu, rudia. Unga ule unatoa gesi, tindo halinati. Ncha isipate nafasi ya kubadilika rangi.