Bainari 11010110: mi napata 214, majibu yanasema -42??

mwana_usiku:
Wakuu habari za saa hizi. Najisomea kubadili bainari kwenda desimali, swali moja limenigomea. Wametoa 11010110, mi nikaanzia kulia nikapanga 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128 juu ya tarakimu, penye 1 nachukua penye 0 naruka, ikaja 128+64+16+4+2 = 214. Nafungua majibu nyuma nakuta -42. Hiyo hasi imetokea wapi jamani?? Wamekosea kuchapa au?

kobe_mbio:
214 iko sawa kabisa, bainari ni 0 na 1 tu hasi itoke wapi. Ila hiyo njia ya kupanga vipeo inachosha bure. Anzia kushoto, kila ukisogea unazidisha mara mbili halafu unajumlisha tarakimu inayofuata: 1, 3, 6, 13, 26, 53, 107, 214. Basi, unafanya kichwani hata namba iwe ndefu vipi. Hayo majibu achana nayo.

biti_nane:
@kobe_mbio njia yako tamu lakini usimpoteze mwenzio, majibu hayajakosea. @mwana_usiku rudia maelezo ya juu ya swali, nahisi wameandika namba ni ya biti 8 (tarakimu nane za 0 na 1) yenye alama, yaani inaweza kuwa chanya au hasi, kwa mfumo wa tuzi komplimenti (two's complement). Huko biti ya kushoto kabisa haihesabiwi 128, inahesabiwa -128, zingine zinabaki vilevile. Kwa hiyo -128+64+16+4+2, hizo chanya jumla 86, jumlisha na -128 unabaki na -42. Ndo maana biti 8 bila alama zinaenda 0 mpaka 255, zenye alama zinaenda -128 mpaka 127, idadi ni ileile 256 ila imesogezwa.

mwana_usiku:
Daah kweli bana, ipo sentensi juu kabisa ya zoezi zima "biti 8 zenye alama", nani anasoma huko 😅 Sasa ile ya kuzidisha mbili mbili huku inakufa?

kobe_mbio:
Haifi, nimeijaribu sasa hivi, unaanza na -1 badala ya 1 basi: -1, -1, -2, -3, -6, -11, -21, -42. Nimependa hiyo @biti_nane, nakubali.

mwana_usiku:
Safi sana. Ila kompyuta yenyewe inajuaje kama nataka 214 au -42, si biti ni zilezile?

biti_nane:
Haijui, biti haziji na lebo. Ni programu ndo inasema hapa soma bila alama, hapa soma na alama. Kwa mfano kwenye lugha ya programu ya Python ukiandika int("11010110", 2) inakupa 214, yenyewe haichukulii ile 1 ya mwanzo kuwa hasi, ukitaka -42 unatoa 256 mwenyewe. Na angalia upana pia: 11010110 ikikaa kwenye biti 16 na sifuri nane mbele ni 214 hata kama ina alama, maana ya kushoto kabisa sasa ni 0. Ili ibaki -42 kwenye biti 16 unajaza 1 nane mbele, sio sifuri.