Wajukuu wa Bibi Muheza: safari ya harusi

JUMATANO

20:03 Zuhura: Assalaam alaykum. Jamani tusikilizane, siku zimeisha. Ndoa ni Jumamosi saa 8 mchana, Muheza. Magari matano: la Sele, la Mama Nasra, la Kasimu, la Asha na Noah ya Dulla. Tunakutana Mbezi Mwisho saa 10 alfajiri. Nasema saa 10, sio saa 10 ya Kasimu.

20:05 Zuhura: Tunakwenda kwa msafara na msafara una masharti. Hakuna kuovateki kwenye mlima wala kwenye mstari usiokatika. Hakuna kupiga watu taa full za uso. Hakuna kusimama katikati ya lami kununua mahindi. Kila dereva ajibu "nimesoma".

20:31 Zuhura: Tiki za bluu naziona.

20:33 Dulla: Hilo la mahindi lina mwenyewe 😂

20:33 Nasra: Mjomba Kasimu njoo, unaitwa

20:35 Dulla: Si pale Mbwewe, nusu gari lami, nusu gari vumbi, basi liko nyuma linalia honi mpaka limekauka sauti, yeye anatuambia "ngojeni, chenji yangu bado"

20:36 Asha: Da Zuhura, sisi tunaokaa Bunju tuje Mbezi kufanya nini? Tunapita zetu Bagamoyo, tunawakuta Msata.

20:37 Zuhura: Msafara ni msafara, Asha. Nitakujibu.

20:41 Sele: Nimesoma. Ila hilo la kuovateki mliangalie upya. Mkiganda nyuma ya lori la kontena linalopanda kwa kusali, mtafika Muheza Rehema ana mtoto wa pili.

20:42 Mama Nasra: Sele huyo huyo.

20:42 Sele: Nimefanya nini tena shangazi?

20:43 Mama Nasra: Bampa langu.

20:43 Nasra: Mama jamani, sio hapa

20:46 Mama Nasra: Ni hapa hapa. Idd ya mwaka juzi, foleni ya Kimara. Watu tumejipanga na njaa zetu. Yeye anatanua pembeni kwenye vumbi, anatupita wote, akifika mbele anachomekea. Na katika magari yote yale wa kumchomekea kaniona mimi! Mtoto wa kaka yangu! Bampa likaning'inia, tukalifunga kwa kanga mpaka Kibaha.

20:47 Sele: Niliwasha indiketa shangazi.

20:47 Mama Nasra: Indiketa ni ombi baba, sio hati ya kiwanja.

20:48 Dulla: 😂😂😂 hiyo naichora nyuma ya Noah

20:48 Sele: Nilisema nitalipa.

20:49 Mama Nasra: Uliposema mvua za masika zilikuwa hazijaanza.

20:50 Zuhura: Na kanga ilikuwa yangu, doti mpya. Lakini hiyo sio mada. Baba Mkubwa anapanda gari la nani?

20:58 Zuhura: Nimeuliza.

21:02 Nasra: Na Dulla ajisemee. Taa full kutoka Msata hadi Segera

21:03 Dulla: Wao ndio wanaanza! Namshushia, hashushi. Narudia kumshushia, hashushi. Na mimi nampa zangu.

21:03 Nasra: Kwa hiyo mnapishana wote wawili vipofu. Hongereni

21:05 Dulla: Afadhali mimi naeleweka. Lori liko mbele yako limewasha indiketa ya kulia. Haya niambie: anakwambia usipite, anataka kupita yeye, anakata kulia, au kaisahau tangu Chalinze? Unabaki nyuma unapiga ramli.

21:07 Mama Nasra: Mimi wanaonimaliza ni wa hazadi. Kwenye makutano anakwenda moja kwa moja, anawasha hazadi. Wewe uko pembeni unaona taa ya upande mmoja tu, unajua anakata kona. Unaingia. Hakati.

21:09 Zuhura: Mmemaliza? La mwisho: faini kila mtu yake. Mchango wa safari ya Idd ulilipa tochi mbili za Sele, 30,000 na 30,000, kijiji kimeandikwa 50 na kibao kikubwa kama mlango. Tukala wali bila nyama.

21:10 Sele: Ile ya pili sio kosa langu. Magari yote yaliyotoka mbele hakuna hata moja lililonipa taa.

21:10 Nasra: Yaani wa kulaumiwa ni waliokuwa hawajakuambia trafiki yuko wapi 🙌

21:14 Mzee Hamza: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:02)

21:15 Mzee Hamza: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:01)

21:16 Dulla: Babu umeshika na kuachia 😂 kandamiza usiachie

21:29 Mzee Hamza: Salaam. Naandika. Nimesoma yote. Nimeendesha lori Tanga mpaka Tunduma hizo indiketa nazijua. Ya kulia tulikuwa tunamwambia wa nyuma usipite. Ya kushoto pita. Leo hata mimi siziamini. Mtu akikuwashia ya kushoto yeye haoni kwa macho yako chungulia mwenyewe. Mmesema taa mmesema kuchomekea. Hakuna aliyesema mawe. Gari likiharibika mnakata matawi mnatandaza. Mnapanga mawe nyuma ya tairi. Likipona mnapanda mnaondoka mawe mnayaacha kwenye lami. Usiku yule anayekuja hana habari. Juma hakugongwa na mtu. Juma aligonga jiwe.

21:30 Dulla: Ujumbe huu umefutwa

22:17 Mama Nasra: Allah amrehemu kaka yangu.

22:18 Asha: Amin.

22:18 Nasra: Amin

22:40 Sele: Amin. Nimekusikia Babu.

22:52 Mzee Hamza: Kila gari libebe kabari za mbao mbili. Na zile pembetatu nyekundu mnazonunua ili trafiki azione kwenye buti ndizo za kuweka barabarani. Mbali. Sio hatua tatu.

22:53 Mzee Hamza: Jumamosi sipandi la Sele. La Dulla pia sipandi.

22:54 Zuhura: Sawa Baba Mkubwa. Utapanda la nani?

22:59 Zuhura: Baba Mkubwa?

ALHAMISI

06:12 Kasimu: Assalaam alaykum wanafamilia. Mimi chenji yangu siachi, hata mngekuwa nyinyi. Hivi harusi ni Jumamosi hii?

06:14 Zuhura: Kasimu panda juu usome.

06:20 Kasimu: Simu inaganda nikipanda juu. Halafu gari liko gereji, brekipedi zimekwisha, fundi anasema kesho.

06:21 Zuhura: Fundi anasema kesho tangu Ramadhani. Kwa hiyo magari manne. Baba Mkubwa na Bi Mwana wanapanda la Mama Nasra. Hajajibu, nachukulia amekubali.

06:30 Mama Nasra: Nawabeba. Ila Sele atangulie mbele yangu, nimwone.

06:31 Sele: Nikiwa mbele mtasema nakimbia.

06:31 Mama Nasra: Nyuma yangu huji.

06:33 Zuhura: Sele, hizo kabari unachongesha wewe. Seremala si yupo hapo kwenu?

06:40 Sele: Nampitia leo nikitoka kazini. Nane?

06:58 Mzee Hamza: Kumi. La Kasimu nalo litakwenda. Kasimu fundi nipe namba yake.

07:03 Kasimu: Naitafuta Baba.

07:04 Dulla: Na kanga Sele

07:04 Mama Nasra: Na bampa.

07:15 Sele: Kabari kwanza jamani.

07:26 Asha: Da Zuhura, Msata au Mbezi? Ulisema utanijibu.

07:50 Asha: Basi sisi saa 12 tutakuwa Msata tunakunywa chai.

07:51 Zuhura: Sijasema ndiyo, Asha.

09:37 Kasimu: Mbezi hiyo ya Beach au Mwisho?