Miwani gani kwa mtu wa baharini?

nahodha_nungwi: Asalam aleikum jamani, mie natembeza wageni na boti Nungwi mpaka Mnemba, mchana kutwa juani, usiku nakaa na kompyuta kupanga safari, macho yanawasha na machozi yanatoka ile mbaya. Duka moja mjini wamenambia nichukue lenzi za kubadilika rangi juani na za bluu laiti, zile za kuzuia mwanga wa bluu wa skrini, zote pamoja, bei skwambii. Nifanyeje?

binti_wete: Waalaykum salaam kaka. Kwa bahari polaraidi tu, inakata ule mmeto unaorudi kwenye maji mpaka unaona matumbawe chini. Ila simu ukiigeuza upande inaweza ikawa nyeusi tii, usidhani imekufa lol. Na uliza kama ni UV400, yaani inazuia mionzi ya UV ya jua, weusi wa kioo sio kinga, kioo cheusi kisicho na UV kibaya zaidi maana mboni inafunguka na mionzi inaingia vizuri tu.

dereva_505: Za kubadilika rangi mie ninazo, ndani ya gari hazigeuki sana, kioo cha mbele kinazuia UV. Hela imekwenda na maji.

mama_darajani: Mwanangu bluu laiti wacha, Cochrane, wale wanaopitia tafiti za afya, walikusanya tafiti 2023 hawakuona kama inapunguza uchovu wa macho. Ukikodolea skrini hupepesi, ndo maana yanakauka. Kila dakika 20 tazama mbali kwa muda kidogo. Na upepo na jua vinaotesha kijinyama kwenye weupe wa jicho, nenda hospitali ya Mnazi Mmoja wakutizame kwanza ndo ununue.

nahodha_nungwi: Kijinyama tena?! Jumatatu naenda, inshallah.