Mzee kamaliza dozi ya TB mara mbili lakini kifua hakiishi. Tutajuaje kinaelekea wapi?

Mwana wa Tandahimba:
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mzee wangu ana miaka 66, mkulima wa korosho huku Tandahimba. TB kaugua mara mbili na dozi kamaliza zote. Sasa kila akipima makohozi anaambiwa hakuna TB, ila kifua kiko palepale. Alfajiri anakaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, kopo la majivu katikati ya miguu, anakohoa mpaka jua linachomoza. Yanayotoka yanafika nusu kikombe cha chai, mazito, ya kijani, yananuka. Mwaka jana kalazwa mara mbili. Daktari alisema TB imeacha makovu, njia za hewa zimetanuka na bakteria wamefanya makazi humo. Akaandika amoksilini, tukarudi nyumbani.

Kaka anataka tuuze ekari mbili za mikorosho mzee apelekwe Dar. Mjomba anasema mtu mzima huyo, mwacheni apumzike. Mimi nauliza hivi: kuna namna ya kujua kama ugonjwa unasonga au umesimama? Shamba haliuzwi kwa kubahatisha.

Chikongola Juu:
Pole sana mkuu. Jaribuni habasoda na asali, shemeji yangu alipona kabisa.

Sista Mstaafu:
Habasoda tumwachie shemeji. Mwanangu, poleni na kuuguza. Hiyo inaitwa bronkiektasisi. Bomba la hewa likishatanuka, makohozi yanatuama kama maji ya mvua kwenye dimbwi, bakteria wanazaliana, na mwili ukipambana nao unazidi kulijeruhi bomba lenyewe. Ndiyo maana haishi kwa dozi moja.

Swali lako lina jibu, ila hulipati kwenye eksirei peke yake. Kuna hesabu ya alama iliyotolewa 2014. Umri wa mzee unampa 2. Kulazwa ndani ya miaka miwili iliyopita ni 5, na hiyo ndiyo nzito kuliko karibu zote. Kifua kikimchachamaa mara tatu au zaidi kwa mwaka, ongeza 2. Akiwa amekonda kupita kiasi, 2. Akiwa na bakteria anayeitwa Sudomonasi aliyeweka kambi, 3. Bado kuna kipimo cha kupuliza, jinsi anavyohema akitembea, na picha. Kuanzia 9 ni kundi la hatari ya kulazwa tena, hata kufariki, ndani ya miaka minne. Lakini ilipimwa kwa wagonjwa wa Ulaya, ambao wengi wao chanzo si TB, kwa hiyo msiisome kama tarehe ya kifo. Mzee ana kilo ngapi?

Mwana wa Tandahimba:
47. Urefu mita 1.65.

Sista Mstaafu:
Basi amekonda. Tayari ana 9, na bado hatujui ni bakteria gani.

Ngalawa:
Sista umemtisha mwenzio.

Sista Mstaafu:
Bora atishike sasa. Umri haushuki, lakini uzito unapanda, na kuchachamaa kunapungua mtu akitoa makohozi kila siku. Afundishwe na mtaalamu wa mazoezi tiba jinsi ya kulala ili yatiririke, kabla ya kula. Akitema damu, aache mazoezi hayo aende hospitali.

Na msimalize ekari kabla ya kuotesha makohozi maabara, ijulikane ni bakteria gani. Amoksilini haimuui Sudomonasi hata anywe ndoo. Asukutue kwa maji matupu asubuhi, akohoe kutoka ndani, si mate, na iwe kabla ya kuanza antibayotiki. Kopo lifike maabara mapema, lisishinde juani stendi. Pia msimnunulie siprofloksasini duka la dawa kwa kusikia watu. Kundi hilo la antibayotiki linaweza kuficha TB ikiwa imerudi. Picha ya siti skani ulizieni hospitali ya kanda pale Mitengo, Mtwara, kabla ya kukata tiketi ya Dar.

Mpiga Bomba:
Mkuu, hakuna aliyeuliza: mzee bado anapuliza salfa, ule unga wa dawa ya mikorosho? Mimi kifua kizima, ila nikishinda kwenye unga ule nakohoa siku mbili. Na jirani akipuliza, upepo unakuletea mpaka barazani.

Mwana wa Tandahimba:
Anapuliza. Kitambaa puani, basi. Jana tu alikuwa shambani.

Nimerudi kutoa mrejesho. Mama kumbe anatunza vyeti vyote vya hospitali kwenye bahasha ya kaki. Tumevimwaga mkekani tukahesabu: tangu masika ya mwaka jana kapewa antibayotiki mara nne. Uzito umeandikwa kila mahali na hakuna aliyewahi kuulinganisha: 53, 51, 50, 47. Kaka kaziona namba, kanyamaza. Ekari tumeziacha kwanza, Jumatatu tunapeleka makohozi. Mjomba kasema atatoa nauli.

Mzee mwenyewe ana swali moja: msimu ukifika, ataruhusiwa kwenda mnadani, korosho zinapouzwa?

Sista Mstaafu:
Mnadani aende, akakae upande usio na vumbi la magunia. Bomba la salfa mpokonyeni leo.