Je, hukumu ya Arusha inamruhusu mtu kuwa mgombea binafsi?

MkaziWaNgarenaro: Habari zenu, ndugu zangu. Jirani yangu, fundi cherehani aliyeishia darasa la saba, ameangushwa katika kura za maoni za chama chake na sasa anasema atagombea ubunge akiwa mgombea binafsi. Juzi, chaki ikiwa mkononi na kitambaa kimetandazwa mezani, alinihakikishia kwamba Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapa hapa Arusha, ilikwisha kuliruhusu jambo hilo. Wengine wanamwambia kwamba hata elimu yake haitoshi. Naomba kuelimishwa.

WakiliMstaafu: Ndugu, elimu isimsumbue. Ibara ya 67 ya Katiba ya 1977 inamtaka mgombea ubunge awe raia aliyetimiza miaka 21, ajuaye kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Cheti cha kidato cha nne hakitajwi. Asiwe pia ametiwa hatiani kwa kosa la kukwepa kodi katika miaka mitano kabla ya uchaguzi, sharti ambalo wenye biashara hulisahau. Kinachomkwamisha ni kwamba ibara hiyo hiyo inamtaka awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Kwa urais mambo ni hayo hayo, ila umri ni miaka 40 na uraia uwe wa kuzaliwa.

BintiWaKijenge: Shikamoo, Mzee Wakili. Lakini fundi hakutunga. Mchungaji Christopher Mtikila alishinda kesi ya kudai mgombea binafsi Mahakama Kuu mwaka 1994, Bunge likabadilisha Katiba mwaka huo huo ili kulizuia jambo hilo. Akashinda tena mwaka 2006, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikatengua, ikisema suala hilo ni la Bunge. Ndipo akaja Arusha, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ikaamua kwamba Tanzania imekiuka haki yake ya kushiriki katika uongozi wa nchi yake.

WakiliMstaafu: Marahaba, mwanangu, umeeleza vema. Hata hivyo, hukumu ile iliitaka nchi irekebishe sheria zake. Haikuifuta Ibara ya 67, na msimamizi wa uchaguzi anayepokea fomu anafuata Katiba kama ilivyoandikwa. Wala fundi asidhani atapita njia ya Mchungaji, kwa sababu Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kufungua mashauri yao moja kwa moja katika mahakama ile, na uamuzi huo ukaanza kutumika mwaka uliofuata. Mimi naona hapo ndipo tulipopoteza zaidi, maana jengo tunapita mbele yake kila siku na mlango wake hatuwezi kuugonga.

MkaziWaNgarenaro: Nawashukuru sana. Nimemsomea yote kibarazani kwake jioni hii. Alisikiliza huku akipindia suruali ya mteja, kisha akauliza ni chama gani ambacho bado kinatoa fomu.