Mwanetu ni mashoto: apige kushoto au tumgeuze?

Ami wa Wete

Assalamu alaykum jamaa. Nina mtoto wa kaka yangu, ana miaka 13. Skulini kwake hapa Wete alikuwapo kijana wa Kijapani aliyekuja kujitolea kusomesha hisabati, na jioni akiwachezesha watoto besiboli. Amesharudi kwao. Kaacha glavu nane, gongo moja la alumini na mipira miwili ambayo nyuzi zake nyekundu zimeanza kufumuka. Watoto hawakuuacha mchezo. Gongo la pili nimelichonga mwenyewe kwa tawi la mpera. Kabla ya hapo nilijaribu la mkarafuu, likakatika siku ile ile, na sisi watu wa Pemba tungepaswa kuwa wa mwanzo kulijua hilo, maana kila msimu tunauguza waliodondoka na matawi yake.

Kijana wetu ni mashoto. Kula anakula kwa mkono wa kuume, tumemfunza tangu mdogo na hilo halina mjadala. Kuandika pia kageuzwa, anaandika kwa kulia na mwandiko wake unampa tabu mpaka leo. Lakini akishika gongo anasimama upande wa kushoto, bega la kulia kwa mrushaji, na mpira unatoka kweli kweli. Wiki iliyopita aliupiga ukapita juu ya mnazi ulio nyuma ya kiwanja, ukaangukia shamba la muhogo la jirani. Tuliutafuta mpaka inakaribia magharibi.

Sasa kijana anayewasimamia siku hizi, na nia yake ni njema, anasema tumgeuze mapema. Kwanza, anasema wenzake wote wanapiga kulia, kwa hiyo hana wa kumtazama akajifunza. Halafu anasema wapigaji wakubwa ni wa kulia, na mfano wake ni Aaron Judge wa Marekani, aliyepiga homurani 62 (mapigo yanayotoa mpira nje ya kiwanja) mwaka 2022. Mie elimu ya mchezo huu sina, natazama vipande vya video kwenye simu baada ya sala ya alfajiri. Humo namuona yule Mjapani Shohei Ohtani anapiga kushoto, nautazama mwili wake unavyozunguka, nasema mbona ni kama mwanetu yule.

Mkono wa kula kageuzwa, wa kuandika kageuzwa. Sitaki ageuzwe mara ya tatu bila ya sababu. Wenye kujua naomba mniambie.

Mshabiki wa Judge, Jang'ombe

Waalaykum salaam ami. Mimi nipo pamoja na huyo kijana wenu. Hank Aaron kapiga homurani 755, Willie Mays 660, wote wawili kulia. Rekodi ya American League, moja ya ligi mbili kuu za Marekani, aliyoivunja Judge mwaka 2022 ilikuwa ya Roger Maris, homurani 61 za mwaka 1961, na Maris alikuwa mpigaji wa kushoto. Kwa hiyo aliyepita juu ya mashoto ni mtu wa kulia.

Na kama hofu yako ni kumgeuza, mtazame Rickey Henderson. Alikuwa mashoto, akirusha kwa kushoto, lakini alipiga kwa kulia, kwa sababu utotoni aliwaona wenzake wanasimama kulia naye akajua ndivyo inavyopigwa. Mtu huyo kaiba besi 1,406 (besi ni vituo vya kukimbilia, na kuiba ni kukimbilia kinachofuata bila ya kungoja mpira upigwe), na anayemfuata ana 938. Kilimpunguzia nini?

Kuna jingine. Mashoto wengi huvuta mpira kuelekea upande wa kulia wa kiwanja. Timu za Marekani zikawa zinawajazia watu upande huo, mpira ukipita chini unakuta ukuta. Ilibidi ligi yenyewe iweke sheria mwaka 2023 kwamba wadakaji wawili wa ndani, wale wanaokaa karibu na besi, wakae kila upande wa besi ya pili. Kiwanja chenu hakina sheria hiyo. Watoto wakishamzoea watamjazia.

Mvuvi wa Mkoani

Ami, nimeisoma habari yako mara mbili, na ile ya kugeuzwa mara ya tatu imenigusa mahali. Mie ni mashoto. Nilipokuwa mdogo chuoni nilifungwa mkono wa kushoto kwa kipande cha kanga ili nisiushike wino nao. Ninaandika kwa kulia hivi sasa, lakini ninazungumza habari hii nikiwa na miaka 61 na bado nikikasirika kalamu inahama mkono wenyewe. Kwa hiyo nisome ukijua nimesimama wapi.

Besiboli niliijua Japani, nilikopelekwa mwaka mmoja kwa mafunzo ya uvuvi. Kule mchezo huu unatazamwa kama sisi tunavyotazama mpira wa miguu. Usiku bwenini hakuna jingine kwenye televisheni, nami kwa kuwa lugha nilikuwa siielewi nilibaki kutazama miili ya watu: miguu inakaa wapi, nyonga inaanza lini.

Sasa chukua kijiti uchore kiwanja mchangani. Besi ya kwanza iko mkono wa kulia wa mtu anayemtazama mrushaji. Mpigaji wa kushoto anasimama upande ule ule wa besi ya kwanza, na wa kulia anasimama ng'ambo, upande wa besi ya tatu. Kutoka nyumbani, pale anapopigia mpigaji, mpaka besi ya kwanza ni mita 27.43, na hapo tayari mashoto kashapunguza hatua moja au zaidi. Kubwa kuliko hilo ni mzunguko. Mashoto akimaliza pigo, kifua chake kimeshageukia besi ya kwanza, anachofanya ni kuendelea kukimbia. Mtu wa kulia akimaliza, kifua kinatazama besi ya tatu, lazima asimame, ajigeuze, ndipo aondoke. Katika mchezo ambao mtu anatolewa kwa kuchelewa nusu hatua, hilo si jambo dogo. Mjapani Ichiro Suzuki aliishi humo. Akiugusa mpira utadhani miguu ilikwisha ondoka kabla ya mikono. Mwaka 2004, huko Marekani, alipata mapigo 262 yaliyomfikisha besi katika msimu mmoja na kuivunja rekodi ya George Sisler ya 257, iliyokaa tangu 1920.

Halafu kuna mrushaji. Warushaji wengi ni watu wa kulia, na hapo Wete naona ndio wote. Mpira wao wa kupinda unamkimbia mpigaji wa kulia, unakwenda nje ya gongo lake. Kwa mashoto mpira ule ule unaingia, unamjia. Na mkono unapouachia anauona vizuri zaidi, kwa sababu hautokei nyuma ya bega lake. Siku atakapokutana na mrushaji mashoto mambo yatageuka, atateseka yeye. Ndiyo maana makocha wa Marekani hubadilisha wapigaji kwa kuangalia mkono wa mrushaji, na ndiyo maana wapo kama Mickey Mantle waliojifunza pande zote mbili, akapiga homurani 536. Lakini mtoto wa miaka 13 anayerushiwa na wenzake wa kulia, kwa nini mumpokonye faida hiyo?

Ndugu yangu wa Jang'ombe, Henderson ni kweli na namheshimu. Lakini itazame habari yake vizuri: hakuna mtu mzima aliyemwambia pigo lako si sawa, ligeuze. Alijichagulia mwenyewe akiwa mdogo kabla hajawa na pigo lolote. Mtoto wa ami tayari analo.

Mfano unaomfaa huyu ni Sadaharu Oh. Mashoto wa kuzaliwa, akirusha kwa kushoto, lakini akipiga kwa kulia kwa sababu ndivyo ilivyotakiwa. Alikuwa bado mwanafunzi pale Tokyo. Mchezaji mmoja, Hiroshi Arakawa, akapita karibu na kiwanja, akamuona mtoto anarusha kushoto na anapiga kulia, akamshauri ajaribu upande wake mwenyewe. Akajaribu. Miaka ikapita, Arakawa huyo huyo akawa kocha wake wa kupiga katika timu ya Giants, na mwaka 1962 wakatoka na ile simamo ya mguu mmoja, goti la kulia limepandishwa juu kama korongo kwenye maji kupwa. Oh aliacha mchezo ana homurani 868. Huko Japani nilionyeshwa picha zake na mzee mmoja wa bandarini aliyekuwa akiyataja mapigo yake kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja majina ya wazee wake.

Nakuomba ufanye kitu kimoja. Usimuulize, wala usimwambie sababu. Mpe shoka apasue kuni. Mkono utakaokaa karibu na chuma cha shoka ndio utakaokaa juu kwenye gongo. Ukiwa ni wa kushoto, jua mwili wake ulishaamua zamani.

Mama Wanne, Kikwajuni

Mimi swali langu ni la glavu, maana naona wanaume mmezama kwenye gongo. Mtoto anarusha kwa mkono gani? Glavu huvaliwa mkono usiorusha. Glavu nane zilizoachwa nina hakika zote ni za kuvaliwa kushoto. Kama anarusha kwa kushoto, basi ama anaivaa kinyume, kidole gumba kwenye tundu la kidole cha mwisho, ama anadaka, anaivua, ndipo anarusha. Wangu wa pili alikuwa hivyo kwenye kriketi, mwaka mzima akionekana mzito, kumbe uzito ulikuwa wa vifaa.

Kama anarusha kushoto wamuweke besi ya kwanza au nje uwanjani, hata kurusha kwa wapigaji. Besi ya pili na ya tatu atapata tabu, itambidi ajigeuze mwili kila akitaka kurusha kwenda ya kwanza. Lakini kupiga, mwacheni apige kwa upande wake.

Mshabiki wa Judge, Jang'ombe

Mzee wa Mkoani, hilo la kifua kutazama besi ya tatu sikuwahi kulifikiria, na nimetazama michezo mingi. Nimeingia uani nikasimama na mwiko mrefu wa kusongea ugali, nikajizungusha pande zote mbili. Ni kweli.

Kwa nguvu bado namchukua Judge, hapo simuachii mtu. Lakini kwa mtoto huyu narudisha maneno yangu. Ila mfunzeni kupiga na upande wa besi ya tatu pia, wasije wakamjazia watu kulia.

Ami wa Wete

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nimuone kwanza. Leo asubuhi nimempa shoka apasue kuni za mwembe ulioanguka. Mkono wa kushoto ukaenda juu, karibu na chuma, bila ya kufikiri. Nikasimama pale nikatazama kuni zinavyopasuka, sikuwahi kuliangalia jambo hilo miaka yote hii na kuni anazipasua kila wiki.

Mama Wanne, umesema kweli tupu. Anarusha kwa kushoto, na glavu anaivaa kinyume kama ulivyoeleza. Ngozi imemchubua baina ya kidole gumba na cha shahada, na hakuwahi kutuambia.

Nimezungumza na kijana anayewasimamia, nikamsomea habari ya Oh na ya besi ya kwanza. Kanyamaza, kisha kaomba achorewe mchangani. Tukachora. Amekubali aendelee kushoto, na anataka amuweke besi ya kwanza.

Glavu moja iliyochanika nimeipeleka kwa fundi viatu hapa sokoni. Ameifumua yote, kaitandaza juu ya benchi vipande vipande, anasema ataishona upya kinyume iingie mkono wa kulia, na panapopungua ataweka ngozi ya ng'ombe. Kaniambia nirudi Alhamisi na nimchukue mtoto, apimwe kiganja.